Barua kwa mdogo wangu aliyekula peke yake

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu ninayotaka kukuambia hayakuhusu wewe peke yako, na kwa sababu kila tunapozungumza kwa simu tunaishia kushindana kwa mistari ya Biblia, wewe ukisoma yako nami nikisoma yangu, mpaka salio linakwisha. Jina lako silitaji, wala la kundi lako la dini linaloshika sheria za Musa. Watu wa nyumbani watakaosoma watajua ninayemwandikia.

Naanza na siku ile tulipomaliza matanga ya baba mkubwa. Ulisafiri kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba, ukafika umechoka, ukalia pamoja nasi, ukatoa mchango wako bila kuulizwa na mtu, nami moyoni nilijivunia kuwa dada yako. Kisha chakula kikaletwa: ndizi, maharage, na kambare wa mchuzi. Ukainuka kimya kimya, ukaenda nyuma ya migomba na mkate wako na chupa yako ya maji, ukala peke yako. Shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini kama unaogopa kuwekewa sumu. Nilimjibu kwamba hapana, ni mambo ya dini tu, naye akanitazama kama mtu ambaye angeona afadhali ingekuwa sumu. Jioni ile ukamwambia binti yangu, mtoto wa miaka 14, kwamba kwa zile nywele za kusuka na ile suruali hatauona ufalme wa Mungu. Alifumua nywele zake usiku huo huo akilia.

Kuhusu kambare sina ubishi nawe. Kambare hana magamba, na kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 11, kinakataza kila kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba. (Sura hiyo hiyo inaruhusu nzige na panzi, kwa hiyo angalau senene wetu wamepona.) Kama kambare humtaki, usimle. Ninalolalamikia ni kuinuka kwako, na ninalilalamikia kwa sababu Biblia ina habari ya mtu mwingine aliyeinuka mezani kwa namna hiyo, naye hakuwa mtu mdogo.

Habari hiyo imo katika waraka wa Paulo kwa Wagalatia, sura ya pili. Petro alikuwa Antiokia, mji ambao leo unaitwa Antakya na uko Uturuki, na huko alizoea kula pamoja na waamini wasio Wayahudi. Huyu ndiye Petro aliyeona maono kule Yafa ya ile nguo iliyoshushwa kutoka mbinguni ikiwa imejaa wanyama wa kila namna, akaenda nyumbani kwa Kornelio, ofisa wa jeshi la Roma, na kuwaona watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wakipokea Roho Mtakatifu kabla hajamaliza hata kuhubiri. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba meza ya Kristo haina ukuta katikati. Lakini walipofika watu kutoka Yerusalemu, kwa Yakobo, mkuu wa kanisa la huko, akaanza kujitenga kidogo kidogo kwa kuogopa macho yao, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba naye akachukuliwa.

Angalia kwamba Petro hakubadili neno lolote katika mahubiri yake. Hakusema kwamba neema haitoshi, wala hakumwambia mtu atahiriwe. Alihamisha kiti tu. Paulo, alipoona hilo, alimpinga ana kwa ana mbele ya watu wote, akisema kwamba hawaendi sawasawa na kweli ya Injili. Kwa miaka mingi nilidhani Paulo alikuwa mkali kupita kiasi kwa jambo la adabu ya mezani, mpaka siku nilipokuona wewe nyuma ya migomba na kumwona shangazi ameshika sahani aliyokuwa amekupakulia. Mtu akiinuka mezani kwa ajili ya sheria, waliobaki wamekwisha kuambiwa wao ni nani, hata kama aliyeinuka hakufungua kinywa.

Utasema kwamba sheria ni ya Mungu, na kwamba Mungu habadiliki. Hilo ni kweli, na Paulo hasemi vinginevyo. Yeye anauliza sheria iliwekwa kwa kazi gani na kwa muda gani. Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuamini katika sura ya 15 ya Mwanzo, na akatahiriwa katika sura ya 17, akiwa na miaka 99, mwanawe Ishmaeli akiwa tayari kijana wa miaka 13. Torati yenyewe, yaani sheria ya Musa, kwa hesabu ya Paulo, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Maana yake ni kwamba yule tunayemwita baba wa imani alikubaliwa na Mungu kabla ya kuwa na alama yoyote mwilini na kabla ya kuwapo amri yoyote iliyoandikwa juu ya jiwe.

Hapo ndipo Paulo anapoiita torati kwa jina ambalo Biblia yetu ya Muungano imelitafsiri "kiongozi". Neno hilo limetuponyoka kidogo, kwa kuwa siku hizi ukisema kiongozi watu wanafikiria jukwaa na msafara wa magari. Katika nyumba za Wayunani mtu huyo alikuwa mtumwa aliyepewa kazi ya kumpeleka mtoto wa bwana shuleni, kumlinda njiani, kumkemea akicheza, na kumrudisha salama jioni. Mfikirie dada wa kazi anayemshika mkono mtoto mpaka kwenye basi la shule. Anafanya kazi njema na ya lazima, na mtoto akimponyoka anaweza kugongwa na pikipiki. Lakini kijana wa miaka 30 akisimama kituoni akingoja dada wa kazi aje amshike mkono, hatusemi kwamba ni mtiifu.

Sasa nikukumbushe mstari ambao bibi alipenda kuusoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Biblia hiyo ya Muungano ilichapishwa mwaka 1952. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, kwa hiyo miongoni mwa wasomaji wake wa kwanza walikuwapo wazee ambao neno kongwa halikuwa sitiari kwao. Lilikuwa gogo lenye panda, shingo imebanwa katikati, mateka wakienda hivyo mwezi baada ya mwezi mpaka pwani. Neno ungwana nalo lilikuwa zito, kwa sababu kwa desturi ya pwani mtumwa aliweza kuandikwa huru na bado asihesabiwe mwungwana, kwa kuwa ungwana ulikuwa wa kuzaliwa. Ndiyo maana Paulo hatosheki kusema kwamba tumeachiliwa, anasema pia kwamba tu watoto wa huyo aliye mwungwana.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolitambua. Yesu anaposema, "Jitieni nira yangu," na Paulo anapoonya juu ya kongwa, neno la Kiyunani ni moja. Watafsiri wetu ndio walioona kwamba Kiswahili kina vitu viwili tofauti hapo. Nira huwekwa juu ya ng'ombe wawili wanaovuta pamoja, na aliye mchanga hujifunza kwa kutembea kando ya aliyekomaa. Kongwa huwekwa juu ya mtu aliyetekwa ili asikimbie. Hata Petro, katika ule mkutano wa Yerusalemu wa Matendo 15, aliwauliza wenzake kwa nini wanataka kuweka juu ya shingo za wanafunzi kongwa ambalo wao wenyewe na baba zao hawakuweza kulichukua. Sijui ulipewa lipi siku ile ulipokabidhiwa karatasi yenye masharti ya kundi, lakini mtu aliyetiwa nira pamoja na Kristo sijawahi kumwona akienda kula peke yake nyuma ya migomba.

Jambo jingine linanigusa zaidi, nalo ni la ukoo wetu. Unajua kwamba kila ukoo wa Kihaya una mwiko wake, mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi. Bibi alikulia ndani ya miiko hiyo, na alipookoka katika Uamsho, ule uliovuma kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuvuka mpaka kuingia kwetu, alikula kile alichokatazwa tangu utoto, mbele ya baba yake, akitetemeka, ili aone kama kweli Yesu ni Bwana. Alituhadithia hayo mara ngapi? Wagalatia nao hawakuwa Wayahudi; walitoka katika ibada za miungu mingine, na torati kwao ilikuwa jambo jipya kabisa. Hata hivyo, walipoanza kushika siku na miezi na nyakati na miaka, Paulo aliwauliza kwa nini wanarudi. Fikiria uzito wa neno hilo. Walidhani wanapanda ngazi kwenda kwa Mungu wa Israeli, naye akawaambia kwamba wanayarejea mambo manyonge waliyoyaacha. Ndiye pia aliyeuliza ni nani aliyewaloga, na swali hilo hakuwauliza walevi wala wazinzi; aliwauliza watu waliokuwa wanaongeza bidii ya dini. Bibi alitoka kwenye mwiko, na wewe mjukuu wake umetafutiwa mwingine, wenye sura na aya.

Usinielewe kama ninayesema kwamba kanisani kwetu ni safi. Miaka mitatu nilipokuwa mzee wa kanisa nilikuwa miongoni mwa waliofungua daftari la bahasha za sadaka kabla ya kukubali kwamba marehemu azikwe kwa ibada, na kuna mama mmoja mjane ambaye tulimrudisha nyumbani akamalize kwanza deni la ahadi za mumewe. Hilo nalo ni kongwa, na mkono wangu umo. Nadhani vijana wengi mlituacha baada ya kuona mambo ya namna hiyo, mkaona afadhali sheria zilizoandikwa kuliko zetu ambazo hazikuandikwa popote. Ninakuelewa katika hilo kuliko unavyofikiri.

Tena najua utanijibu kwa waraka wa Yakobo, kwamba imani pasipo matendo imekufa. Amina. Lakini tazama mifano aliyoichagua Yakobo mwenyewe: Ibrahimu akimtoa mwanawe, na Rahabu, kahaba wa Yeriko, akiwaficha wapelelezi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anatimiza orodha ya vyakula au mavazi. Kila mmoja alimwamini Mungu mpaka imani ikamgharimu. Paulo naye anaiita imani itendayo kazi kwa upendo, na hapo sioni wakigombana. Bibi baada ya kuokoka alimrudishia jirani jembe aliloliiba miaka mingi nyuma, akatembea siku nzima kwenda kumwomba radhi wifi yake, na hakuna aliyempa karatasi iliyosema afanye hivyo. Nakuambia kwa uzoefu kwamba maisha hayo ni magumu kuliko karatasi. Masharti yana mwisho: ukishamaliza kipengele cha mwisho unaweza kulala usingizi ukijua umefaulu. Wifi hana mwisho.

Nimalize na habari ya Tito na Timotheo, ambayo wakati mmoja ilinichanganya sana. Tito alikuwa Myunani, na watu walipotaka atahiriwe ili akubaliwe, Paulo alikataa, hakuwaachia hata saa moja. Timotheo alikuwa na mama Myahudi na baba Myunani, na Paulo huyo huyo akamtahiri kwa sababu ya Wayahudi waliokuwa mahali pale. Kwa Tito tohara ilikuwa imegeuzwa kuwa bei ya kuingia, na kwa Timotheo ilikuwa njia ya kuketi na watu ambao vinginevyo wasingemsikiliza. Paulo alikuwa huru kukataa, na alikuwa huru kukubali.

Basi Desemba mje, wewe na mkeo. Sitapika kambare. Nitapika ndizi na maharage, nami na wanangu tutakula hicho hicho, kwa sababu kuacha kambare kwa ajili yako hakunipunguzii kitu. Jumamosi ukitaka kupumzika, hakuna atakayekupa jembe. Binti yangu atakuwa amesuka nywele, kwa kuwa nimemrudisha kwa msusi mwenyewe. Yeye ndiye atakayekunawisha mikono, na nimemwambia akuwekee nafasi mkekani, kati yake na shangazi.

Dada yako.