Kumbakumba ilitangulia

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wenu mmoja alituambia kwamba basi refu lenye kiungo katikati lilionekana Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 2016, huduma ya mabasi ya mwendokasi ilipoanza. Simlaumu, pengine wakati wetu hata mama yake alikuwa bado binti. Ila nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimeketi kituoni Shekilango, nikajikuta nimesema "We!" kwa sauti, mpaka kijana wa jirani yangu akatoa spika masikioni.

Sasa kumbakumba je?

Kwa wasioikuta: ilikuwa Ikarus, basi lililotoka Hungary, mali ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam. Vipande viwili vilivyounganishwa kwa mvukuto mweusi. Mtaani ikaitwa kumbakumba, maana ikifika kituoni ilikumba wote waliopo, mwanafunzi, muuza samaki, karani wa wizara na mlevi wa jana yake. UDA yenyewe ilizaliwa mwaka 1974, ilipogawanywa kampuni ya mabasi ya DMT iliyokuwa imeshataifishwa. KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, ikapewa safari za mikoani, UDA ikabaki na jiji. Mtu binafsi kubeba abiria mjini lilikuwa kosa, ingawa waliokuwa wakiiba njia usiku tuliwajua.

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la nne, nikitoka Ubungo kwenda shule Kariakoo. Naomba nikae kidogo kwenye ile sahani, Mhariri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Pale vipande viwili vinapokutana, sakafuni palikuwa na sahani ya chuma ya mviringo, pana kumtosha mtu na mizigo yake. Barabara ikinyooka imetulia tu. Basi likianza kukata kona, inazunguka chini ya miguu yako polepole, mguu mmoja unakwenda na dereva na mwingine unabaki na abiria wa nyuma, huku mvukuto unajikunja upande huu na kutanuka upande ule kama mashavu ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Watoto tulikuwa tukishindana kusimama juu yake bila kushika bomba. Anayeyumba anabeba mikoba ya wenzake mpaka getini.

Kona yenyewe ya mashindano ilikuwa Faya, pale unapoiacha Barabara ya Morogoro na kuingia Msimbazi. Kutoka Magomeni tulianza kujiweka sawa, tukashuka bonde la Jangwani tumekaza magoti. Siku moja bibi mmoja alikuwa amesimama nasi na kapu la ndizi mbivu, hajui habari ya sahani. Kona ilipoanza kapu likaondoka zake, yeye kabaki ameshika hewa. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akasema: "Jamani, wenzetu wa mbele wameshafika Kariakoo, sisi tungali Faya!" Basi zima lilicheka. Ndizi zilirudi kapuni, karibu zote. Moja niliila mimi, na bibi yule kama yu hai anisamehe.

Sisemi maisha yalikuwa matamu. Asubuhi watu walipitia madirishani. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, fedha za kigeni hazikuwepo, na basi la kigeni halitembei kwa moyo wa uzalendo bali kwa vipuri. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, sarafu tuliyoiita dala, na jina la daladala likapatikana hapo. Zikaja zilizoitwa chai maharage, abiria wanatazamana magoti kwa magoti, kisha mabasi ya DCM, kisha vibasi tulivyoviita vipanya. Kumbakumba zikawa zinapungua moja moja, bila hata kuagwa.

Barabara nayo ikabadilika. Enzi zile Barabara ya Morogoro uliivuka popote miguu ilipokutuma. Kituo kilikuwa pembeni, nguzo moja na mti wa mkungu, na chini ya mkungu yupo muuza karanga anayelitambua basi kwa mngurumo kabla halijatokea. Mwendokasi ilipokuja na kilomita zake 21, abiria wakahamishiwa katikati ya barabara, kwenye vituo vya lango na kadi. Wauza kahawa na karanga waliokuwa wakiwangoja abiria pembeni ikabidi wajipange upya, wengine wakafuata ngazi za vivuko vya waenda kwa miguu. Ubungo, pale tulipokuwa tukiganda kwenye taa hadi unamaliza gazeti, tangu 2021 pana barabara za juu za ngazi tatu, na mwaka huohuo mabasi ya mikoani yakahamia Mbezi Luis. Nazisifu kazi hizo. Ninazitumia kila siku na magoti yangu yanashukuru.

Majina ndiyo yamenifurahisha zaidi. Kwenye vibao vya vituo yamebaki yaleyale tuliyokuwa tukimpigia kelele kondakta: Mwembechai, Mapipa, Tip Top, Urafiki, Baruti, Bucha. Kuna mtu ofisini alikuwa na akili ya kutoyafuta, nami ningependa kumnunulia chai.

Hapo ndipo linapoingia ombi langu. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, pamewekwa magari waliyopanda wakubwa, na nimewapeleka wajukuu wakayaona. Mdogo akaniuliza, "Babu, lako liko wapi?" Nilizunguka nao ua mzima na sikuwa na cha kumwonyesha. Basi lililotupeleka shule, kiwandani, hospitali na msibani lingestahili kupewa kipembe. Kama kuna gofu la Ikarus limelala kwenye karakana au uwanja wa mtu, limegeuka banda la kuku au stoo ya simenti, mwenye nalo ajitokeze kabla wauza chuma chakavu hawajamfikia. Haihitajiki injini wala viti. Hata kile kipande cha katikati peke yake, sahani na mvukuto, kinatosha.

Kama Shaaban Robert hapana nafasi, kipelekwe Kijiji cha Makumbusho, jirani na stendi ya daladala. Kule zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya nchi hii. Sisi wa Dar tuliochanganyika kwa kubanana nyumba yetu haimo bado, na kwa maoni yangu ilikuwa na magurudumu.

Mwandishi wenu kijana namkaribisha Ubungo siku yoyote. Nitampandisha mwendokasi, tusimame wote pale kwenye kiungo, na tukifika kona ya Faya aachie bomba.

Abiria wa zamani,
Ubungo, Dar es Salaam