Nyumba ya Majengo na haki ya Salim

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Barua yako imefika, na lile shauri la kuiandika nyumba ya Majengo jina la mwanao Athumani ili amtunze nduguye Salim mwenye ulemavu limenikosesha usingizi. Usifanye.

Simtilii shaka Athumani. Kila Ijumaa namwona akimshika nduguye mkono kwenda msikitini, na hawaingii mpaka Salim aridhike na mahali alipoviweka viatu vyake. Lakini mali ikishakuwa yake ni yake. Akitangulia yeye akaacha mtoto wa kiume, mtoto yule anamzuia ami yake kurithi, na Salim hapati hata thumni katika nyumba ya mama yake.

Wosia nao usiutegemee. Mawakili redioni husema andikeni wosia, na kwa wasio Waislamu ni sawa, wana Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Sisi wosia hauvuki thuluthi ya mali, na haumfai mrithi ila warithi wenzake waridhie baada yako. Salim ni mrithi. Wakati huo Athumani na binti yako Rukia watakuwa na mke na mume wa kuwatia maneno. Ndiyo ridhaa ya kuitegemea hiyo?

Fikiria hiba, umpe Salim nyumba ungali hai. Nilimuuliza sheikh wetu kama si kuwadhulumu wale wawili. Akasema kinachochukiza ni kumpendelea mtoto bila sababu, na haja ya Salim ni sababu. Sharti ni kukabidhi. Hati ikikaa kabatini na kodi ukaendelea kutumiwa wewe huko Maskati, umetoa maneno matupu. Salim sasa ana miaka 19, ni mtu mzima mbele ya sheria ila hawezi kujisimamia mali, na baba yake ndiyo hayupo tena. Basi mahakama imwekee msimamizi kwanza, apokee kwa niaba yake. Kisha wapangaji waambiwe, risiti ziandikwe jina la Salim, pesa ziingie akaunti yake, hata za kile chumba cha uani kinachovuja. Na usisahau, nyumba ile haina ardhi. Unachotoa ni kuta na mabati. Mwenye kiwanja bado anadai kodi yake, na sijui tangu mama yako afariki nani anailipa.

Au iweke wakfu: mapato yawe ya Salim maisha yake, kisha ya wajukuu au maskini. Haiuzwi, hairithiwi, mdai wa Athumani haigusi. Tume ya Wakfu ofisi yake iko papa hapa mjini. Mimi moyo wangu uko huko, ila ujue ukishaweka wakfu huwezi kurudi nyuma.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nimemwambia Rukia aishughulikie, aanze na kumpeleka hospitali ya serikali apimwe. Zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali, usizipigie hesabu; ni za nyumba zenye dhiki, na wewe una wapangaji.

Ukija likizo, njoo na hati. Kabla ya hapo mpigie Athumani umweleze mwenyewe, asisikie kwa wapangaji. Risiti za kiwanja nitazitafuta mimi. Mwambie Rukia anifungulie lile sanduku la mama yako.

Wako,
Mwanaidi