Kuhusu fedha za trekta

Leeds, 17 Agosti

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya kuomba fedha za trekta la kulimia nimeipokea pamoja na hesabu aliyoiandika Elia. Fedha hizo sitazituma, na wala si kwa uchoyo, kama Mama Neema anavyopenda kuwatangazia watu sokoni.

Eneo lile la chini ya migomba limejaa sangari, nyasi ile sugu, na wewe unajua kuliko mimi jinsi inavyotambaa chini kwa chini. Trekta likipita pale litaikatakata na kuisambaza kote, na kila kipande chenye kifundo kitachipua mara vuli itakapoanza. Ndivyo ilivyokuwa kwenye eneo la nyanya, ambalo nililigharamia mimi na ambalo mpaka leo hakuna aliyenieleza lilitoa madebe mangapi. Ninachoweza kutuma ni ujira wa vibarua na bei ya majembe uma mawili, ili ardhi igeuzwe sasa ingali kavu, sangari ing'olewe pamoja na mizizi yake yote, ianikwe juani mpaka ukiikunja inakatika, na isitupwe kamwe kwenye mboji. Samadi ya Shangazi isimwagwe ikiwa mbichi, itaunguza miche na kutuletea mbegu za magugu. Chukueni ile ya chini kabisa, iliyokwisha kuwa nyeusi na isiyonuka. Matuta yasizidi upana wa mita 1, mpaliliaji afikie katikati bila kukanyaga udongo.

Huku nami ni mkulima, msicheke. Nimekodi kipande cha bustani cha halmashauri ya mji, kilichokuwa kichaka cha miiba. Nilikifyeka, nikatandika maboksi yaliyokunjuliwa, nikamwaga mboji juu yake, magugu yakakosa mwanga. Leo sukuma wiki yangu inawasimamisha wazee wa Kiingereza njiani, na mmoja ameniomba mbegu. Mgongo unalalamika kidogo baada ya zamu za usiku, basi. Ila mboga ya mnafu sina, na nikiukumbuka ule wa Mama wenye maziwa, chakula cha huku hakipiti kooni. Mbegu zake mzitafute Tengeru, tuta la kwanza liwe la mnafu.

Fedha zitaingia Ijumaa kwenye simu ya Shemeji, si ya Elia. Za mbegu nitazituma nikishaona picha ya sangari iliyoanikwa.

Wasalaam,
Mdogo wako