Barua ya wazi kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini: acheni kuposti maiti wa barabarani

Wanangu wa Mbeya, Songwe, Rungwe, Njombe na Iringa,

Mugonile. Kamwene.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila lori linapofeli breki kwenye mteremko wa Mbalizi, Senjele, Inyala au Kitonga, picha za majeruhi na maiti zinafika Instagram kabla gari la polisi halijafika. Mama anauza viazi Mwanjelwa, jirani anamwonesha simu, naye anamtambua mwanawe kwa shati. Kwetu taarifa ya msiba ina namna yake ya kupelekwa: huenda mtu mzima, huenda na mwenzake, na anayepokea hukalishwa chini kwanza. Kazi hiyo mmewapokonya wazee, mkaikabidhi kwa yeyote mwenye bando.

Kuhusu maiti na majeruhi sina mjadala. Msipige, na mkitumiwa msisambaze. Wengine hudhani wamesitiri kwa kupaka rangi usoni kwa kalamu za kwenye simu. Ile kalamu ya kukoleza maandishi ina rangi isiyoziba kabisa. Mtu akiongeza mwangaza wa picha, sura inarudi. Na hata uso ukifutwa kabisa, ndugu anatambua kiatu, begi, ubavu wa basi. Kusema "nimeweka stori tu, inafutika baada ya saa 24" hakusaidii kitu, kwa sababu mtu akipiga skrinishoti ya stori yako hutajulishwa, na nakala yake haina saa 24.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nyingi ya picha hizo si za ajali hiyo. Basi limepinduka Igawilo, mtu anachukua picha ya miaka sita iliyopita kutoka nchi nyingine, anaandika "Mbeya leo", na ndugu wa abiria wanaanza kulia msiba usiokuwepo. Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo mnapodanganywa kila wiki.

Muda mnaouona chini ya picha ni muda wa kupandishwa, si wa kupigwa. Picha ikipandishwa, taarifa zilizofichwa ndani yake, yaani tarehe, saa na mahali pa kupigwa, haziwafikii ninyi mnaoitazama. Kwa hiyo picha ya 2018 ikipandishwa leo inaonekana mpya. Jina la mahali lililo juu yake huchaguliwa na mwenye kuposti: aliyekaa Kimara anaweza kuandika Uyole na hakuna wa kumzuia. Tena tangu 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata muda, inapanga kwa kukisia utakachopenda. Ndiyo maana habari ya juzi inakaa juu ya habari ya leo. Ukitaka mpangilio wa muda, gusa jina la Instagram lililo juu ya ukurasa wa mwanzo, uchague kuona wale unaowafuata peke yao.

Kuchunguza picha hakuhitaji shahada. Piga skrinishoti. Kata maandishi yote ya juu na ya chini, pamoja na nembo ya ukurasa, ibaki picha tupu. Wengi hushindwa hapa, wanapeleka picha na maneno yake, na mtambo wa Google unatafuta maneno. Fungua Google, gusa alama ya kamera, pakia picha hiyo. Usitazame jibu la kwanza, tafuta lile la zamani kuliko yote. Kama ni video, isimamishe sehemu tatu tofauti na utafute kila moja. Usipopata kitu, igeuze kushoto kulia kisha utafute tena, kwa sababu matapeli huigeuza ili isipatikane. Maandishi ya ubavuni mwa basi yakisomeka kinyumenyume, tayari umewashika.

Kisha tumieni macho yenu ya wenyeji, ambayo mtu wa mbali hana. Namba ya gari la kawaida la Tanzania huanza na T, tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Ya Kenya huanza na K, ya Uganda na U. Lakini msikimbilie kusema ni uongo kwa kuona namba ya kigeni: barabara yetu hupitisha malori ya Zambia na Kongo kupitia Tunduma, na ya Malawi kupitia Kasumulu. Tazameni upande wa barabara. Magari yakitembea kulia, hapo si Tanzania. Tazameni majira pia. Mvua zetu huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei. Picha ya mahindi mabichi yaliyompita mtu kimo pembeni mwa lami, eti ni Septemba, Igurusi, iulizwe maswali mengi. Rungwe ni habari nyingine, kwa sababu Tukuyu hunyesha karibu mwaka mzima na migomba haikauki. Na kila Juni zinaletwa picha za "theluji Makete". Jalidi huko ipo kweli, Kitulo ni juu sana na nyasi huganda alfajiri, ila ni weupe mwembamba unaoyeyuka jua likipanda. Theluji ya kufika magotini, yenye nyumba za paa kali nyuma yake, haikupigwa Makete.

Baada ya picha, mchunguzeni aliyeiposti. Fungua ukurasa wake, gusa vitone vitatu vya juu, kisha sehemu ya kuhusu akaunti. Utaona mwezi na mwaka aliojiunga, na mara nyingi nchi yake na majina aliyowahi kutumia. Ukurasa ulioanza kwa kuuza mitumba, ukawa wa udaku, leo unajiita wa habari za mkoa, huenda umenunuliwa pamoja na wafuasi wake. Alama ya bluu isiwazuzue. Tangu 2023 inauzwa kwa malipo ya kila mwezi.

Mengine nayataja tu. Msiposti kitambulisho cha NIDA, cheti, tiketi wala ujumbe wa muamala. Watoto wenye sare na nembo ya shule, hapana. Tangazo la ajira serikalini linaloomba ada ni la wizi. Anayeuza "mchele wa Kyela" kwa picha nzuri na kutaka pesa kwanza, mwambie apige simu ya video akuoneshe gunia; ujumbe wa kitapeli ukija kwenye namba yako, utume kwenda namba 15040. Barua yenye nembo ya taifa isiyo na kumbukumbu namba wala tarehe, au isiyopatikana kwenye ukurasa wa taasisi yenyewe, iacheni hapo hapo.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa huku akijua ni ya uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Siwaambii mzime simu. Najua gazeti la Dar likifika Ludewa habari imechacha, na najua simu ndiyo redio yenu, gazeti lenu na baraza lenu. Mna akili na mna haraka, na haraka hiyo ingeweza kuokoa watu. Wala si ninyi peke yenu wenye makosa. Ofisi za umma zinakaa kimya kwa muda wa saa nane, halafu zinatoa taarifa ya kurasa mbili isiyosomeka kwenye simu. Katika saa hizo nane mwongo ameshakula na kushiba. Waandishi wa habari wananakili kutoka kwenye kurasa zenu bila kupiga simu moja kwa daktari au mtendaji wa kata. Sisi wazee tunapokea picha hizo hizo kwenye magrupu ya ukoo na kuzituma mbele tukisema "Mungu atunusuru", kana kwamba dua inaitakasa picha.

Ukifika penye ajali, piga 112 kwa polisi, na 114 kwa zimamoto kama kuna moto au mtu amebanwa. Weka matawi barabarani mbali ya kutosha ili dereva anayeshuka awahi kupunguza mwendo. Likiwa lori la mafuta, ondoka na uwaondoe wengine. Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa karibu na lori la mafuta lililopinduka. Kama lazima upige picha, piga ya mbali inayoonesha kuwa njia imefungwa, taja mahali na saa, bila namba wala jina la basi.

Na aliyekwisha kuposti yasiyofaa, afanye hivi. Kuficha kwenye kumbukumbu za akaunti hakutoshi, futa. Kisha nenda sehemu ya vilivyofutwa karibuni ukafute tena, maana posti hukaa humo hadi siku 30. Waandikie waliochukua kwako, mmoja mmoja, wafute. Kama ilikuwa ya uongo, weka sahihisho kwenye ukurasa ule ule, si kwenye stori, likae juu kabisa. Kama ilionesha mtu aliyefariki, mtafute mzee mmoja mwende naye nyumbani kwa wafiwa kuomba radhi.

Mzee wenu, Mbeya