Kalkulasi nimeitumia kwenye papai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba kalkulasi (ile hesabu ya kujumlisha vipande vidogo vidogo) ya kidato cha tano na sita ni mzigo wa bure, na kwamba hajapata kumwona mtu akiitumia sokoni. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, naishi Korogwe, na wiki iliyopita niliitumia.

Ulianza ubishi. Mama ninayenunua kwake matunda alipanga mapapai mafungu mawili, madogo shilingi 1,500 na makubwa 2,500. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tano, akaninong'oneza: "Babu, chukua dogo, yamepitana vidole vitatu tu." Mama akasikia, akacheka: "Mwalimu, papai hupimwa kwa jicho." Nikanunua kubwa, na dogo nikalipima urefu palepale kwa rula: sentimita 24.

Nyumbani kijana akalaza tepu ya fundi cherehani juu ya ganda, akatangaza urefu wa 35. Nikamwambia huo ni urefu wa kupanda na kushuka kilima, si wa kukata moja kwa moja. Tukalibana papai baina ya matofali mawili, tukapima nafasi iliyo katikati: 30. Tukaweka alama za kalamu kila sentimita 5, kisha tukazungusha tepu kwenye kila alama. Kutoka kwenye kikonyo tulipata 22, 31, 37, 41 na 36. Nchani kote nikahesabu sifuri.

Sasa, papai ukilikata slesi nyembamba, kila slesi ni duara, au karibu na duara. Eneo lake unalipata kwa kuuzidisha mzunguko kwa wenyewe, kisha unagawa kwa 12.57, yaani pai mara nne. Kazi inayobaki ni kuzijumlisha slesi. Kijana alikuwa na kanuni ya Simpson kichwani, anaighani kama shairi: nne, mbili, nne, mbili, nne. Yaani eneo la kila alama unalizidisha kwa namba yake, unajumlisha, kisha unazidisha kwa zile sentimita 5 na kugawa kwa 3. Tulipoitumia tukapata sentimita za ujazo 2,371.

Hapo ndipo aliponiuliza swali lililonisikitisha. Anakokotoa maswali ya kitabuni bila kukwama, ila hakujua ile alama ya kalkulasi ndefu kama ndoano (∫) ni nini. Ni S iliyovutwa tu, ya neno la Kilatini *summa*, jumla. Leibniz, mmoja wa waanzilishi wa kalkulasi, alianza kuiandika mwaka 1675. Mwaka mzima mtoto anachora jumla na hajui kwamba anajumlisha!

Tukaijaribu kwa maji. Ndoo iliyojaa pomoni ndani ya beseni, papai likatumbukizwa. Lilielea, ikabidi nilizamishe kwa ncha za vidole viwili. Maji yaliyomwagika tukayapima kwa jagi lenye alama: mililita 2,300 na ushee. Hesabu ilizidi kwa kama asilimia 2 au 3, na sehemu ya kosa hilo ni maji yaliyobaki ukutani mwa beseni. Tulipolipasua na kukomba mbegu, tukajaza maji kwenye uwazi wa ndani: mililita 430. Basi karibu humusi ya papai tulilonunua ilikuwa mbegu na hewa, na jicho la mama yule halikuona hilo, wala langu.

Asiyetaka kupima mara tano apime mara moja katikati, apate eneo, azidishe kwa urefu, achukue theluthi mbili. Sisi ingetupa 2,180 hivi, si mbaya kwa mtu aliyesimama juani. Wajerumani huiita kanuni ya pipa ya Kepler. Mwaka 1613 Kepler, mtaalamu wa nyota na sayari, alinunua mvinyo wa nyumbani mjini Linz, Austria, baada ya kuoa, akamwona muuzaji akipima kila pipa kwa kuingiza ufito kwa mshazari, bila kujali umbo la pipa. Akaingiwa na shaka kama mjukuu wangu, na mwaka 1615 akachapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa. Newton, mwanzilishi mwingine wa kalkulasi, hajazaliwa bado.

Na vile vidole vitatu? Sentimita 24 kwa 30 ni 0.8, na kama umbo ni lilelile, ujazo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, hivyo papai dogo ni nusu tu ya kubwa. Mawili madogo ni 3,000, na kubwa moja lenye ujazo kama wao ni 2,500. Nilimrudishia mama habari hiyo, naye kesho yake madogo akayauza 1,300, jambo ambalo sikulitarajia.

Walimu walio kazini hawahitaji maabara kwa somo hili. Papai, tepu na ndoo, vipindi viwili vinatosha, na darasa linakula mwishoni. Mjukuu sasa anataka fenesi. Nimemwambia asubiri, ndoo ya kulizamishia hatuna.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga