Tusimkumbuke Inoki kwa pambano la Ali peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu Antonio Inoki, mwanamieleka wa Japani aliyefariki dunia tarehe 1 Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 79. Mara nyingi kurasa za michezo zinapomkumbuka Muhammad Ali, Inoki hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba ndiye yule Mjapani aliyelala chini raundi 15 kwa kuogopa ngumi. Sentensi hiyo inamdhulumu marehemu, na inawanyima wasomaji habari za mtu ambaye sijaona wa kufanana naye katika mieleka ya kulipwa.

Nianze na pambano lenyewe, maana ndilo chanzo cha dhihaka. Lilifanyika tarehe 26 Juni 1976 katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, wakati Ali akiwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Ni kweli kwamba Inoki alitumia sehemu kubwa ya muda akiwa chali au ameketi, akijisogeza kwa makalio huku akirusha mateke, na ni kweli kwamba watazamaji walikasirika wakatupa takataka ulingoni. Hata hivyo upande wa Inoki ulieleza kwamba masharti yaliyokubaliwa kabla ya pambano yalimnyang'anya karibu mbinu zake zote, ikiwa ni pamoja na kumbwaga mpinzani na kupiga teke bila goti moja kugusa chini. Alichobakiwa nacho ni miguu yake, naye akaitumia. Mateke yalitua palepale, kwenye paja na nyuma ya goti la kushoto, raundi baada ya raundi, hadi mguu wa Ali ukavimba na ngozi ikachubuka, na watu wa kona yake wakadai kiatu cha Inoki kizungushiwe utepe kwa sababu kilikuwa kinamkata bingwa wao. Ali mwenyewe, katika dakika 45 za mchezo, alirusha ngumi chache mno, zisizofika kumi. Waamuzi walitoa sare, na kama Inoki asingekatwa alama kwa makosa, ushindi ungekuwa wake. Ali alirudi Marekani akalazwa hospitalini kwa sababu ya damu iliyoganda miguuni.

Mieleka ya kulipwa kwa kawaida hupangwa matokeo yake, na hilo si siri hata kwa Wajapani wanaoipenda. Pambano lile liliwachosha watazamaji kwa sababu, kwa ushahidi wa miguu ya Ali, halikupangwa. Leo, baada ya mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka kuenea duniani kote, teke la kumpunguzia mpinzani nguvu za mguu ni silaha ya kila mpiganaji, na hakuna anayeliita woga.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Inoki, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Kanji, alizaliwa Yokohama tarehe 20 Februari 1943. Mwaka 1957 familia yake ilihamia Brazil kwa meli, babu yake akafia safarini, na kijana huyo wa miaka 14 akaanza kazi ngumu kwenye mashamba ya kahawa. Huko alijulikana kwa kurusha tufe na kisahani, na ni huko alikoonwa mwaka 1960 na Rikidozan, baba wa mieleka ya Kijapani, aliyekuwa ziarani. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo alipanda ulingoni Tokyo kwa mara ya kwanza akashindwa, siku ileile ambayo Giant Baba naye alianza. Wawili hao walikuja kuigawa mieleka ya Japani mwaka 1972, Inoki akianzisha kampuni ya New Japan na Baba akianzisha All Japan. Kampuni ya Inoki ingali hai mpaka leo.

Ningependa wasomaji wafahamu hasa habari za Pakistan. Mwezi Desemba 1976, miezi michache tu baada ya Ali, Inoki alikwenda Karachi kupambana na Akram, mtu wa ukoo maarufu wa wanamieleka wa jadi, na pambano lililotazamiwa kuwa la maonyesho likageuka la kweli hadi Akram akaumizwa mkono. Ukoo mzima ulijiona umevunjiwa heshima. Mwaka 1979 mtoto wa ndugu yake Akram, kijana aliyeitwa Jhara, alimkabili Inoki mjini Lahore mbele ya umati mkubwa, na baada ya raundi tano ambazo hakuna aliyembwaga mwenzake, Inoki aliushika mkono wa kijana huyo akauinua juu. Jhara alifariki mwaka 1991 angali kijana. Miaka mingi baadaye Inoki alirudi Pakistan, akamchukua mpwa wa Jhara, akampeleka Japani kusoma na kujifunza mieleka. Mtu aliyeanza kwa kuumiza mkono wa familia ile alimaliza kwa kumlea mtoto wao, na hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko mikanda yote aliyovaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kumjua. Mapema mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Inoki angepambana na Idi Amin jijini Kampala, mwamuzi akiwa Muhammad Ali. Amin aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, naye alipenda sana maonyesho ya namna hiyo. Pambano hilo halikufanyika, kwa kuwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala mwezi Aprili na Amin akakimbia. Nashukuru kwamba Inoki hakupanda ulingo ule, maana sifa yote ingekuwa ya mtawala aliyekuwa akiwaua raia wake.

Mwaka 1989 alichaguliwa kuingia katika baraza la juu la Bunge la Japani. Mwaka uliofuata Iraki ilipoivamia Kuwait na kuwazuia Wajapani kadhaa kuwa ngao, Inoki alikwenda Baghdad zaidi ya mara moja, na mwezi Desemba akaandaa huko tamasha la michezo na muziki, ambalo baada yake Wajapani hao waliachiwa. Wapo wanaosema Saddam Hussein alikwisha amua kuwaachia wageni wote. Huenda ni hivyo, lakini wake za mateka waliosafiri naye hadi Baghdad walimwona mtu aliyekwenda wakati wengine wakitoa matamko tu. Katika safari za Iraki ndipo aliposilimu. Mwezi Aprili 1995 aliandaa mieleka kwa siku mbili Pyongyang, mwalimu wake Rikidozan akiwa mzaliwa wa upande huo wa Korea, na Ali alikuwepo kama mgeni.

Sidai kwamba alikuwa malaika. Mwaka 1983 aliondolewa kwa miezi michache kwenye uongozi wa kampuni yake kwa sababu ya fedha zilizozama katika biashara yake ya Brazil, na mwaka 2013 Bunge lilimsimamisha siku 30 kwa kwenda Korea Kaskazini bila ruhusa. Hayo nayo yaandikwe.

Ali mwenyewe hakumdharau. Inoki alipostaafu tarehe 4 Aprili 1998 katika uwanja wa Tokyo Dome, Ali, ambaye tayari alikuwa akiugua maradhi ya kutetemeka, alisafiri hadi Japani kuwa naye. Kwa hiyo naomba dawati lako la michezo, litakapoandika tena juu ya usiku ule wa Budokan, liwape wasomaji pia habari za Lahore, Baghdad na Kampala, na lieleze hali ya miguu ya Ali baada ya raundi ya 15.

Wako,
Msomaji, Tanga