Busara ya trafiki ijulikane kabla ya tochi kushikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie faini za mwendo kasi, hasa lile suala la nani anasamehewa na nani anaandikiwa. Malalamiko ya madereva wa gari za shamba ni yale yale: wawili wamepita kwa mwendo mmoja, mmoja kaambiwa "nenda, lakini punguza", mwengine kaandikiwa faini.

Kusamehe kwenyewe si kosa. Askari asiye na hiari angelazimika kumwandikia hata aliyezidisha kilomita moja, na huo ungekuwa uonevu wa aina nyengine. Mita ya gari kwa kawaida hutengenezwa ionyeshe zaidi kidogo ya mwendo halisi. Lakini gari zetu nyingi ni mitumba ya Japani, zimeshabadilishwa matairi mara kadhaa. Ukifunga tairi ambalo mduara wake umezidi asilimia 6 kuliko la kiwandani, mita iliyokuwa sahihi itakuambia 50 nawe unakwenda 53. Dereva huyo haongopi anaposema hakuzidisha.

Wenzetu jambo hili wameliandika. Ujerumani, kipimo kikiwa chini ya 100, hupunguzwa kilomita 3 kabla kosa halijahesabiwa. Uingereza mwongozo wa polisi ni asilimia 10 kujumlisha maili 2, kwa hiyo penye kikomo cha maili 30 hatua kwa kawaida huanza 35. Baina ya 35 na 42 dereva anaweza kupelekwa darasani badala ya kutozwa faini, na akifika 50 mambo yanakwenda mahakamani. Askari wa kule bado ana hiari yake, ila anaitumia ndani ya mipaka ambayo dereva naye anaijua. Kwetu dereva huujua mpaka huo pale tu askari anapofika dirishani.

Halafu kuna tochi yenyewe, yaani kile kifaa cha kupimia mwendo. Ya rada haitoi mwale mwembamba kama uzi. Mwale wa nyuzi 12 ukifika mita 300 umeshatanuka kiasi cha mita 63, yaani barabara nzima na mikarafuu ya pande zote mbili. Daladala, vespa inayolipita na lori la mchanga lililo nyuma yao, vyote vimo ndani. Tarakimu inayotokea inaweza kuwa ya chombo kinachorudisha mawimbi kwa nguvu zaidi, na bati kubwa hurudisha zaidi kuliko vespa. Ya leza ni nyembamba, kwa umbali huo haitimii hata mita moja, lakini mkono ukitikisika mwale unateleza kutoka kwenye kioo hadi kwenye kibao cha namba na kipimo kinaharibika. Askari akisimama pembeni mno, kipimo hushuka: gari ya 80 ikipimwa kwa pembe ya nyuzi 30 husomeka 69. Kosa hilo humfaa dereva, ndiyo maana hatulisikii likilalamikiwa.

Kwa hiyo penye msururu wa gari, askari asipoweza kusema ni chombo kipi alichokilenga na kilikuwa umbali gani, aachie. Dereva aonyeshwe skrini ikiwa na kipimo na saa. Karatasi anayopewa itaje namba ya kifaa, tarehe kilipohakikiwa mara ya mwisho, kikomo cha pale na mahali penyewe. "Njia ya Wete" si mahali. Wete kwenda Chake ni njia ndefu.

Na aliyesamehewa naye aandikwe. Hapa ndipo haki inapopotelea, kwa sababu faini huacha karatasi lakini msamaha hauachi kitu. Bila daftari la maonyo, mkuu wa kikosi hawezi kujua kama gari za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) na za wenye majina zinaachiwa mara nyingi kuliko daladala, au kama mtalii mwenye vespa ya kukodi anaandikiwa haraka kuliko kijana wa mtaani. Mstari mmoja unatosha: namba ya gari, kipimo, sababu ya kuachiwa. Gari ya wagonjwa iliyowasha king'ora haimo katika hesabu hii.

Vibao navyo. Polisi ni jambo la Muungano, lakini barabara na vibao vyake ni kazi ya SMZ, na katikati ya wawili hao kibao kilichofunikwa na mti wa mkungu hakina mwenyewe. Kabla tochi haijapangwa, askari aipite njia ile kwa gari na ahakikishe kibao kinasomeka. Kama hakisomeki, amjulishe anayehusika na kituo cha siku ile kihamishwe.

Yapo mahali ambapo sitetei kuachiwa mtu: mbele ya skuli, mbele ya vyuo vya Qur-ani watoto wanapotoka alasiri, na vijijini jioni za Ramadhani kila mmoja akiwahi futari. Gari ya kilomita 50 kwenye lami kavu inahitaji kama mita 28 kusimama, 14 dereva anaposhtuka na 14 za breki. Ya 60, pale pale ambapo ile ya kwanza imeshasimama, bado inakwenda karibu kilomita 40. Wakati wa masika breki zinahitaji masafa makubwa zaidi. Matuta ya barabara ya msitu wa Jozani, kule Unguja, yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, na hayaangalii nani kapanda gari gani.

Viwango vya onyo, faini na mahakama vibandikwe kwenye stendi za Unguja na Pemba, na nakala ipelekwe kwa masheha, viongozi wa shehia.

Msomaji,
Chake Chake, Pemba